Filamu zetu za zamani zisiachwe zioze

Mwezé Ngangura, mzaliwa wa Bukavu, alitengeneza "La Vie est belle" mwaka 1987 pamoja na Mbelgiji Benoît Lamy; Papa Wemba ndiye mchezaji mkuu. Mwaka 1999, "Pièces d'identités" ilimpatia tuzo kubwa ya FESPACO. Je, ni vijana wangapi wa Kadutu wameziona kwa picha safi?

Mkanda wa filamu wa milimita 35, ukipitishwa picha moja moja kwenye mashine ya kisasa, unatoa picha ya HD. Kaseti ya video haifikii hapo. Vipindi vya zamani vya televisheni ya taifa vilivyobaki kwenye kaseti vinahitaji kunakiliwa haraka. Joto na unyevu havingoji bajeti ya Kinshasa. Serikali ilipie kazi hiyo, na filamu za Ngangura zionyeshwe kwanza hapa Bukavu.