Kibao Kisichosomeka Hakidai Mtu



Wanachama wachache wametuuliza kwa nini gazeti la chama cha reli lishughulike na mambo ya kuegesha motokaa huko Uingereza, hali mambo yetu ya nyumba na marupurupu hayajakwisha. Swali ni la haki, nasi twalijibu. Tangu Serikali yetu na ile ya Uingereza zitie sahihi mapatano ya wauguzi mwaka wa 2021, na hata kabla yake, watoto wa wanachama wetu wamekwenda huko kufanya kazi katika hospitali na kutunza wazee. Wengine hutoka nyumba hata nyumba usiku, na mtu wa kazi hiyo hawezi kungoja basi. Hununua motokaa kuukuu. Kisha barua zinaanza kuja.

Barua moja ya namna hiyo ililetwa mbele ya mkutano wa tawi letu na mzazi, ambaye ni fundi wa karakana. Binti yake aliingiza motokaa usiku katika uwanja wa maduka, karibu na nyumba ya bibi kizee anayemhudumia. Taa ya mlangoni ilikuwa imekufa. Kibao kilikuwapo, lakini juu ya mlingoti, maandishi yake madogo kama ya gazeti, nacho kimewapa mgongo waingiao. Hakuona askari wala karatasi kwenye kioo, maana kamera ilichukua namba tu. Baada ya siku chache akaletewa barua nyumbani: alipe pauni 100, ama pauni 60 akiharakisha kulipa ndani ya siku 14. Pauni 60 ni kama shilingi elfu kumi za kwetu.

Mkutano uligawanyika. Wazee walio wengi walisema alipe hizo 60 anyamaze, kwa kuwa yuko ugenini na mgeni hashindani na mwenyeji. Twawaheshimu wazee wetu, lakini neno hili hatukulikubali, na sababu zetu ni hizi.

Kwanza ijulikane barua hiyo ni kitu gani. Huko Uingereza halmashauri ya mji ikikukuta umeegesha vibaya barabarani hukuandikia karatasi yenye herufi PCN, na hiyo ni adhabu iliyowekwa na sheria. Kampuni ya mtu binafsi inayochunga uwanja wa maduka nayo hukuandikia karatasi yenye herufi zizo hizo PCN, rangi karibu zile zile, na picha ya motokaa yako. Mtu aliyechoka na zamu ya usiku hataona tofauti, nasi hatudhani kwamba mfanano huo uliwaudhi wenye kampuni. Lakini ya pili si faini ya serikali wala ya polisi, wala si kosa la jinai. Ni madai ya mtu kwa mtu, kama mwenye duka anayesema una deni lake. Na msingi wa deni hilo ni mapatano: ati ulipoingia ulisoma kibao, na ulipoegesha ulikubali masharti yake. Basi kibao kisiposomeka, mapatano yako wapi?

Jambo hili sisi watu wa reli tulipaswa kulijua kabla ya wengine, kwa sababu lilianza katika stesheni. Bwana mmoja aitwaye Parker aliweka mfuko wake katika chumba cha mizigo cha stesheni ya Charing Cross, London, akalipa senti mbili za Kiingereza akapewa tikiti. Nyuma ya tikiti iliandikwa kwamba kampuni ya reli haitajibu kwa mzigo wa thamani inayozidi pauni 10. Mfuko ukapotea, na thamani yake ilikuwa pauni 24 na shilingi 10. Kesi ilifika mahakama ya rufani mwaka wa 1877, na majaji waliuliza swali moja ambalo halijazeeka mpaka leo: je, kampuni ilifanya ya kutosha ili mteja ajue kwamba kuna masharti? Hawakuuliza tu kama maandishi yalikuwapo. Maandishi yaweza kuwapo chini ya kabati.

Kutoka stesheni neno hilo lilihamia kwenye viwanja vya motokaa. Mwaka wa 1970 mpiga tarumbeta mmoja, Bwana Thornton, alishinda kesi juu ya wenye jumba la kuegesha motokaa la Shoe Lane, London. Aliumia humo, nao wakasema masharti yao yalitundikwa kwenye nguzo ndani. Majaji walisema masharti unayoyakuta baada ya mashine kukwisha kukupa tikiti yamechelewa. Mmoja wao alikuwa Lord Denning, ambaye mwaka wa 1956 katika kesi nyingine alikuwa amesema kwamba masharti mengine ni makali hata yangefaa kuandikwa kwa wino mwekundu na mkono mwekundu ukiyaonyesha kidole. Na mwaka wa 2000 mwanamke aliyesimamisha motokaa kwa ghafula kwa sababu ya kuugua alishinda pia, maana motokaa nyingine ilikuwa imekiziba kibao asikione.

Makampuni nayo yana kesi yao, na si haki tuifiche. Ni kesi ya ParkingEye na Bwana Beavis, iliyoamuliwa na mahakama kuu kabisa ya Uingereza mwezi wa Novemba 2015. Bwana Beavis aliegesha katika uwanja wa maduka mjini Chelmsford, ambako ruhusa ilikuwa saa mbili bure, akazidisha dakika 56. Alidaiwa pauni 85. Alisema kiasi hicho ni adhabu isiyo na haki, akashindwa, majaji sita kwa mmoja. Tangu siku hiyo kesi hii ni kama rungu, maana mtu akibisha kidogo huambiwa, "Beavis alishindwa."

Lakini msomeni vizuri Bwana Beavis. Katika uwanja ule vilikuwapo vibao kama ishirini, mlangoni na kila mahali, vikubwa, vyenye kusomeka, na ile pauni 85 ikionekana wazi. Majaji walilitaja jambo hilo, wakalitegemea. Kampuni ilishinda kwa sababu vibao vyake vilikuwa safi. Basi mwenye kibao kimoja kilichopinda gizani hana ruhusa ya kuazima ushindi wa mwenye vibao ishirini. Sheria iliyotungwa mwaka wa 2012, ile iliyokataza kufunga magurudumu kwa chuma katika viwanja vya watu binafsi huko England na Wales, ndiyo iliyoyapa makampuni njia ya kumdai mwenye motokaa badala ya dereva. Hata hiyo yasema lazima kibao kitaje kiasi cha fedha, na kiwe cha kutosha kumjulisha dereva. Na sheria ya wanunuzi ya mwaka wa 2015 yasema sharti la maandishi lazima lisomeke na lieleweke, na likiwa na maana mbili, maana inayomfaa mnunuzi ndiyo inayoshinda.

Ndugu mmoja wa kitengo cha ishara alitupinga kwa hoja yenye nguvu. Alisema dereva wa treni akikuta ishara haina taa, au haionekani vizuri, huihesabu kuwa ni ya hatari akasimama. Basi mwenye motokaa asiyeweza kusoma kibao asiegeshe, aondoke zake. Ni kweli, kanuni yetu ndiyo hiyo. Lakini twamwomba ndugu yetu aimalize. Dereva akisimama, stesheni huarifiwa, fundi hutumwa, taa huwashwa. Hakuna mtu katika reli nzima anayepata hata senti moja kwa sababu taa imezimika. Katika uwanja wa motokaa mambo ni kinyume. Kule Chelmsford kampuni ilikuwa ikimlipa mwenye ardhi pauni 1,000 kila wiki, na fedha zake ikizitafuta katika hizo hizo pauni 85 za wakosaji. Madereva wote wakisoma na kutii, kampuni ya namna hiyo haina mapato. Mtu anayefaidika wakati kibao hakionekani ndiye aliyepewa kazi ya kukitundika. Kwa ajili hiyo twasema mzigo wa kuonyesha kwamba kilionekana uwe juu yake, wala si juu ya binti aliyetoka kumgeuza mgonjwa kitandani saa nane za usiku.

Na hilo punguzo la siku 14 tulitazame. Punguzo humfaa anayejua kwamba ana deni. Kwa asiyejua, ni haraka tu anayotiwa ili asipate nafasi ya kuuliza.

Basi afanye nini? Arudi pale pale, saa zile zile za usiku, apige picha: moja akiwa amekaa kitini pa dereva mlangoni, moja kutoka mahali alipoegesha, moja ya kibao kwa karibu, moja ya taa iliyokufa. Asipige mchana, kwa maana picha ya mchana ni ushahidi wa kampuni. Kisha aiandikie kampuni ndani ya siku 28, kwa maneno machache na bila matusi, aitake ionyeshe picha za vibao vyake za saa hizo na ramani ya mahali vilipo. Ikikataa, lazima imwonyeshe baraza la rufani, POPLA ama IAS, kwa kadiri ya umoja ambao kampuni imejiandikisha. Aangalie tarehe ya mwisho iliyo katika barua ya kukataliwa. Rufani ya POPLA haina malipo, nayo uamuzi wake huifunga kampuni, haumfungi dereva. Hatari tuitaje pia: akifika huko akashindwa, punguzo limekwisha na atadaiwa zile 100 zote.

Jambo moja asilifanye kamwe, nalo ni kutupa karatasi ya korti. Barua za watoza madeni ni za kutisha lakini hawana mamlaka ya kuingia nyumbani wala kuchukua kitu bila hukumu. Korti ni neno jingine. Asipojibu, hukumu hutolewa bila yeye, na isipolipwa ndani ya mwezi mmoja hukaa miaka sita katika daftari ambalo wakopeshaji na wenye nyumba hulitazama. Wala asimtukane mlinzi wa uwanja, ikiwa yupo. Naye ni mfanyakazi kama sisi, na kibao hakukiandika yeye.

Bunge lao liliona shida hii likatunga sheria mwaka wa 2019 ili pawe na kanuni moja ya serikali. Kanuni ilitolewa Februari 2022, makampuni yakaenda kortini juu ya viwango vya malipo, na Juni mwaka ule ule serikali ikaiondoa. Makampuni yakajitungia kanuni yao wenyewe mwaka wa 2024. Hata hiyo humpa dereva dakika chache za kusoma masharti na kuondoka asipoyapenda. Basi akidaiwa kwa dakika hizo ataje kanuni yao wenyewe.

Wenye kudhani mambo haya ni ya huko tu, watazame viwanja vya Nairobi na Mombasa vyenye kibao cha Kiingereza kwamba motokaa yawekwa kwa hatari ya mwenyewe, ama kwamba gurudumu litafungwa kwa chuma. Sheria yetu ya mahakama yataja tarehe 12 Agosti 1897 kuhusu sheria za Uingereza zilizoingia hapa, wakati reli yetu ilikuwa haijafika Nairobi. Kesi ya mfuko wa Bwana Parker ilikuwa imekwisha amuliwa miaka ishirini kabla. Tena Katiba ya 2010, kifungu cha 46, yampa mnunuzi haki ya kujulishwa yanayompasa kujua. Twaona chama kidai vibao vya viwanja vinavyotumiwa na wafanyakazi wetu viandikwe kwa Kiswahili pia, kwa herufi zinazosomeka na mtu aliye ndani ya motokaa, na kiasi cha fedha kitangulie juu. Ombi hilo litaletwa mbele ya kamati mkutano ujao.

Binti wa fundi wetu amekwisha peleka picha zake na barua yake kwa kampuni, majibu bado. Nakala ya barua hiyo, pasipo jina lake, yuko nayo karani wa tawi, na mwanachama mwenye mtoto huko aweza kuichukua jioni yoyote baada ya zamu ya mchana. Aje na simu yenye chaji, maana mashine yetu ya kunakili imekwisha wino.