Usasaleo si Kuvuruga Picha

Baadhi ya wanafunzi wa filamu huvuruga mpangilio wa matukio, kisha wakajitetea kwamba huo ndio usasaleo. Sivyo. Mwaka 1979, mwanafalsafa Mfaransa Jean-François Lyotard aliueleza usasaleo kuwa ni kutoyaamini masimulizi makuu, yale yanayodai kueleza kila kitu. Basi mwanafunzi ajiulize kwanza: ni simulizi lipi ninalolitilia shaka?

Miaka 6 kabla ya hapo, Djibril Diop Mambéty wa Senegali alitoa filamu ya Touki Bouki. Humo mfuatano wa matukio unavunjika pamoja na ndoto ya vijana wawili kwamba heri iko Paris. Mvurugo huo una hoja.

Walimu nao wasitunuku alama kwa kiinimacho. Asiye na la kuhoji na asimulie kisa chake waziwazi, si aibu.