Mfa Maji Hapigi Kelele

Likizo ikifika, hasa Idi, Krismasi na kile kipindi cha Desemba shule zikishafungwa, fungua status za ndugu zako walioko Dar es Salaam uone picha za watoto wakiwa ndani ya maji. Wengine wapo Wet 'n' Wild pale Kunduchi, wengine wamevuka kwenda Kigamboni, wengine wametosheka na bwawa la hoteli ya mtaani lenye mtelezo mmoja wa plastiki. Hamna ubaya. Mimi ni mtetezi wa hizi safari. Mtoto aliyekaa muhula mzima akiamshwa saa kumi na moja alfajiri kusubiri gari la shule anastahili siku moja ya kupiga kelele mpaka sauti ikauke.

Ila zitazame tena zile picha. Mtu mzima yuko wapi? Mara nyingi haonekani kwa sababu ndiye anayepiga, na anapiga akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, miguu mikavu, pembeni yake mabegi matano, viatu vya familia nzima, simu za watu wote na kitinda mimba aliyesinzia. Kila familia ina mtu huyu. Kwetu mara nyingi ni mama, au shangazi, au dada wa kazi ambaye hata hajaulizwa kama angependa kuingia. Kiingilio kalipiwa, getini kapita, lakini maji hajayagusa.

Mimi nina ugomvi na kile kiti.

Walt Disney alikuwa akisimulia kwamba wazo la Disneyland lilimjia akiwa amekaa kwenye benchi katika bustani ya Griffith Park, Los Angeles, akiwatazama binti zake wawili wakizunguka kwenye farasi wa bembea. Watoto wanafurahi, baba amekaa tu. Akajiuliza kwa nini hakuna mahali ambapo mzazi na mtoto wanaweza kucheza pamoja. Disneyland ikafunguliwa Julai 17, 1955. Mwaka 1977 George Millay naye akafungua Wet 'n Wild kule Orlando, Florida, na biashara ya kuteleza kwenye maji ikasambaa duniani hadi ikatufikia. Tuliyachukua mabwawa, mitelezo na hata majina. Lile wazo la benchi hatukulichukua. Sisi bado tunaamini kwamba mtoto ndiye anayecheza na mkubwa ni wa kulinda mali.

Sababu zipo, sizidharau. Mama yangu mdogo tulipomwambia aingie alijibu, "Mwanangu, mimi niingie na nini humo?" Ana haki. Sehemu nyingi hawaruhusu kanga wala nguo za pamba bwawani, na nguo ya kuogelea ambayo mwanamke wa heshima zake angekubali kuonekana nayo mbele ya shemeji si kila mtu anayo. Lakini hilo lina jawabu, na jawabu limepatikana jirani tu. Kaskazini mwa Unguja, Panje Project iliwafundisha wasichana na wanawake kuogelea wakiwa wamevaa mavazi ya stara yanayofunika mwili wote, na waliofundishwa wakaja kufundisha wenzao. Walioona haibu ya vazi hawakuambiwa wakae pembeni. Walitafutiwa vazi. Kuhusu mabegi, kabati za kukodi zipo sehemu nyingi, na zisipokuwepo watu wapeane zamu, na zamu ya kwanza apewe baba.

Hayo ya raha tuyaache hapo. Kinachonisumbua zaidi ni kwamba mtu aliyekaa kwenye kile kiti anaamini kuwa anawaangalia watoto.

Tuna methali inayosema mfa maji haachi kutapatapa. Kwa siasa na kwa mtu aliyebanwa na madeni inafaa sana. Kwa bwawani inapotosha. Tumekua nayo kichwani, kwa hiyo tunasubiri kutapatapa: tunasubiri mikono inayopungwa, maji yanayoruka, sauti ya "nakufa jamani!" Mwokoaji mmoja wa Marekani, Francesco Pia, aliyefanya kazi ufukwe wa Orchard Beach, New York, alizichunguza picha za sinema za watu waliokuwa wakizama kweli. Alichokiona ni kinyume cha methali yetu. Mtu anayezama hapigi kelele, kwa sababu ili upige kelele lazima kwanza uvute pumzi, na mdomo wake unaibuka juu ya maji kwa muda mfupi mno hata pumzi yenyewe haitoshi. Hapungi mkono, kwa sababu mikono imetanuka pembeni inasukuma maji kwenda chini, yenyewe tu, bila yeye kuiamuru. Miguu haipigi. Mwili umesimama wima. Ukimtazama kwa mbali utadhani anapanda ngazi isiyoonekana, au amesimama tu anaangalia juu. Hali hiyo hudumu sekunde 20 hadi 60, kisha anakwenda chini.

Anayetapatapa na kuita yupo, ndiyo, na asaidiwe haraka. Lakini huyo bado ana pumzi. Mtoto mdogo mara nyingi haifikii hata hatua hiyo, anaingia moja kwa moja kwenye kimya.

Sasa mrudie yule mama kwenye kiti. Sekunde 60 ni muda wa kusikiliza voisi noti moja. Ni muda wa kutafuta chenji ya chipsi kwenye pochi. Bwawa lina watoto hamsini wanaopiga kelele na yeye anasikilizia kelele, ilhali anayehitaji kuonekana ni yule aliyenyamaza. Na hata akimwona, atafanya nini? Yeye mwenyewe hajui kuogelea. Atajitosa, kwa sababu ni mama, na tutakuwa na wawili wa kuwatoa.

"Waokoaji si wapo? Tumelipia." Wapo, na waliofunzwa vizuri ni watu wa kuheshimiwa. Kuna kanuni wanayofundishwa inayoitwa 10/20: sekunde 10 za kukagua eneo lako lote na kumtambua mwenye shida, sekunde 20 za kumfikia. Jaribu mwenyewe siku ya Idi pili, mabwawa yamefurika, jua linaakisi kwenye maji. Mwokoaji ni mstari wa mwisho. Ukimfanya awe mstari wa kwanza na wa pekee unamwonea, na unamwonea mtoto zaidi. Hali kadhalika yale maboya ya mkononi na tairi za kupuliza: ni vitu vya kuchezea. Vinachomoka, vinatoboka, vinapinduka. Jaketi okozi ni kitu kingine kabisa.

Mpaka hapa unaweza kusema hili ni jambo la wazazi, na sisi ni wanachuo tunaosubiri bumu. Lakini wengi tunaosoma gazeti hili kwenye kitivo chetu tutakuwa walimu, na mwalimu ndiye mtu wa kwenye kiti mwenye watoto wengi kuliko mama yeyote.

Nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha, shule niliyopangiwa (sitaitaja, na haina upekee wowote) iliandaa ziara ya kimasomo ya kidato cha kwanza na cha pili. Barua kwa wazazi ilisema makumbusho na "mafunzo ufukweni". Makumbusho yalichukua kama dakika arobaini. Mafunzo ufukweni yalikuwa mabwawa na mitelezo mpaka jioni, na wanafunzi walijua hivyo tangu siku barua inachapwa. Tulikuwa walimu sita na wanafunzi zaidi ya mia moja. Kila mwalimu alipewa orodha ya majina na filimbi. Asubuhi ile niliuliza ofisini nani anajua kuogelea. Mkono mmoja ukanyooshwa, mwalimu wa michezo, akacheka akasema alijifunzia ziwani Ukerewe kabla ya kujua kusoma. Hakuna aliyezama siku hiyo. Tulihesabu vichwa kwenye basi mara tatu, watoto wakaimba njia nzima, na kesho yake mkuu wa shule alitushukuru kwa usimamizi mzuri. Usimamizi gani? Orodha ya majina inakuambia nani hayupo wakati basi linaondoka. Haikuambii nani amenyamaza bwawani saa nane mchana.

Katika kozi nilizosoma hadi mwaka huu wa tatu nimefundishwa kuandika azimio la kazi na andalio la somo, nimefundishwa hatua za ukuaji wa mtoto, nimefundishwa kutunga mtihani wenye uwiano. Sijawahi kufundishwa nifanye nini mtoto akitolewa majini hapumui. Ukiuliza madarasani kwetu, wengi watakuambia anabanwa tumbo maji yatoke, au ananing'inizwa kichwa chini. Yote mawili ni ya kuepukwa. Yanapoteza muda, na kubana tumbo kunaweza kuyapandisha matapishi yakaingia kwenye njia ya hewa. Aliyezama amekosa hewa, basi cha kwanza anachohitaji ni hewa: kichwa kirudishwe nyuma kidogo, pua zibanwe, apuliziwe mdomoni, kisha kifua kikandamizwe, huku mtu mwingine akiita msaada. Hili halijifunzwi kwa kusoma makala. Linahitaji mtu akuonyeshe ukiwa umepiga magoti mbele ya sanamu. Msalaba Mwekundu wanafundisha huduma ya kwanza, na nusu siku ya mazoezi ya namna hiyo ina faida kuliko desa lolote.

Kuna jamaa hosteli alinicheka. "Kuogelea ni mambo ya watoto wa Masaki." Nimelisikia mara nyingi, na naona limegeuzwa juu chini. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, karibu robo yao watoto wa chini ya miaka 5, na zaidi ya tisa katika kila kumi walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Hao hawakufia kwenye mitelezo ya plastiki. Ni visima, malambo, mito, ziwa, ndoo ya nyuma ya nyumba. Mtoto wa Masaki ana mwalimu wa kuogelea wa kulipwa. Anayechota maji lamboni ndiye hana. Bangladesh waliliona hilo, na mpango wao wa SwimSafe uliwafundisha watoto kwenye mabwawa ya vijijini, palepale walipokuwa wakizama, kwa kujengea jukwaa la mianzi ndani ya maji. Hawakusubiri vigae vya bluu. Kwa hiyo mwalimu anayejifunza haya akiwaza safari ya Kunduchi atayabeba pia akipangiwa shule ya kijijini kando ya ziwa, na huko ndiko yatakakofanya kazi kubwa.

Wala si lazima uwe samaki. Asiyejua kuogelea kabisa anaweza kumwokoa mtu akiwa amesimama nchi kavu: mnyooshee fimbo, mrushie kanga iliyosokotwa ukiwa umelala kifudifudi, mtupie dumu tupu la mafuta la lita 5 lililofungwa kifuniko na kamba. Dumu hilo linatosha kumshikilia mtu kichwa kikae juu. Usijitose. Na kwenye ziara, wanafunzi wawe wawili wawili, kila mmoja akijua mwenzake yuko wapi, wasiojua kuogelea wafungwe utepe wa rangi yao mkononi na wakae kina cha kiunoni. Mwalimu mmoja kwa kila bwawa awe mwangalizi kwa dakika kumi na tano, bila simu, bila stori, bila filimbi ya mapambo, kisha akabidhi zamu kwa mdomo: "Sasa ni wewe." Mwenzake ajibu amepokea. Gharama yake ni utepe tu.

Kwa chama chetu nina ombi dogo. Kila muhula tunafanya bonanza: mpira, kuvuta kamba, kukimbia na magunia, muziki mpaka usiku. Jumamosi moja ya fedha hizo ikodi bwawa na mkufunzi, saa za asubuhi kwa wasichana peke yao na mchana kwa wavulana, ili lile swali la mama yangu mdogo lisimzuie mtu. Waanze wa mwaka wa tatu wa ualimu kabla hawajaondoka. Tufundishwe kuelea chali dakika mbili, kurusha boya, na kumpulizia asiyepumua. Wanaotaka kujua kukata maji kama watu wa Ukerewe watarudi wenyewe.

Ratiba ya bonanza la muhula ujao bado haijabandikwa ubaoni. Mwakilishi wa kitivo anajua chumba changu, na majina ishirini na sita ya walio tayari ninayo.