Si Kila Damu Chooni ni Bawasiri

Vijiweni Rulenge, kijana akithubutu kutaja damu chooni hupewa jibu kabla hajamaliza: “Bawasiri hiyo.” Mara nyingi ni kweli, na hapo ndipo hatari ilipo. Huku Kanda ya Ziwa tuna ameba na kichocho cha tumbo, navyo huleta damu. Basi kijana ananunua Flajili, dawa ya ameba, duka la dawa, damu inakatika, inarudi, ananunua tena, mwaka unapita. Uvimbe wa saratani ya utumbo mpana nao hutoa damu kwa vipindi. Kukatika kwake si kupona. Damu ikirudi baada ya dozi, choo kikibadilika kwa wiki kadhaa, au mwanamume akikutwa na upungufu wa damu usioeleweka, aende hospitali. Daktari huanza kwa kidole chenye glavu, na uvimbe ulio chini kwenye puru huguswa hapo hapo. Eti kinapunguza uanaume? Porojo.

“Ni ugonjwa wa wazee.” Madaktari wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, walichapisha mwaka 2013 takwimu za wagonjwa wao 332 wa saratani ya utumbo mpana na puru: umri wa kati ulikuwa miaka 46. Ni kweli nchi yetu ina vijana wengi, lakini hao ni wagonjwa, na wengi walifika wakiwa wamechelewa. Marekani, mwaka 2021, umri wa kuanza uchunguzi ulishushwa kutoka miaka 50 hadi 45.

“Ni ya Wazungu, sisi tunakula ndizi na maharage.” Dai hili lina asili. Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi Uganda, aliona ugonjwa huu ni nadra vijijini, akautaja ulaji wa nyuzinyuzi. Maharage yaendelee kupikwa. Ila hayafuti urithi, sigara wala pombe, na lubisi ya ndizi nayo ni pombe.

“Kisu kikigusa saratani, inasambaa.” Msemaji kwa kawaida amemzika mtu aliyepasuliwa ugonjwa ukiwa umeshafika kwenye ini. Ukiwahiwa, upasuaji ndiyo tiba yenyewe.

Dawa za “kusafisha utumbo” haziondoi kinyama kilichoota ndani.

“Kamera ya kuchunguza utumbo iko mbali.” Hilo silipingi, hadi Mwanza ni nauli, malazi na siku za shamba. Ndiyo maana aliye na mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyeugua amwambie daktari mapema, apangiwe kuanza uchunguzi akiwa na miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri ambao mzazi au nduguye huyo aligundulika, lolote litakalotangulia.