Mtumishi, Yule Bibi Siyo Kontenti Yako

Wadau, jina silitaji, maana mnamjua. Suti ya kubana, gari la vioo vyeusi, wafuasi kibao, na kila wiki lazima atrendi. Safari hii kaibukia Ziwa Nyasa. Klipu inaanza na droni inapita juu ya maji, mitumbwi imepangwa mchangani, pazuri kweli, halafu linakuja andishi jekundu: TUMEVAMIA NGOME YA GIZA. Mahali penyewe ni Kihagara.

Ngome ya giza? Kihagara?

Jamani, mwambao ule injili imefika kabla babu yake Mtumishi hajazaliwa. Wale wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walijenga makao yao kisiwani Likoma miaka ya 1880, wakawa wanavuka ziwa na meli yao Charles Janson, na kuanzia 1901 wakaongeza Chauncy Maples, meli iliyoundwa Uskoti na kuletwa vipande vipande. Mmoja wao, William Percival Johnson, alikaa na watu wa ziwa lile zaidi ya miaka 40. Alikuwa karibu kipofu. Alijifunza lugha zao, akatafsiri Biblia kwa Kinyanja, akafa 1928, na kaburi lake lipo Liuli, humohumo wilaya ya Nyasa. (Liuli ndiyo ile Wajerumani waliita Sphinxhafen kwa sababu ya mwamba wake. Mkienda, pigeni picha ya mwamba, siyo ya bibi za watu.)

Sisemi wale wazungu walikuwa malaika. Walikuja zama za ukoloni na dharau zao walikuwa nazo. Ila walikaa. Mtu akibatizwa leo, kesho anawakuta, mwakani anawakuta, akiumwa wanamtibu. Mpaka sasa Liuli ina Hospitali ya Mtakatifu Anna. Mtumishi wetu alikaa siku mbili, ya tatu yuko Dar anaedit.

Sasa turudi kwenye klipu, maana kuna mambo mawili yamenikera mpaka usingizi ukakata.

La kwanza, yule bibi. Anasukumwa mbele, kajifunga kanga, anaulizwa kwa kipaza sauti alikuwa anaabudu nini. Anajibu polepole, kwa lugha ya kwao. Mtumishi hajui hata neno moja la lugha hiyo, ila anarukia: "Amekiri uchawi!" Umati unalipuka. Bibi wa watu anaangalia huku na huku.

Nchi hii vikongwe wameuawa kwa macho mekundu tu, waulizeni watu wa Shinyanga na Mwanza. Hayo macho mekundu mengine ni moshi wa kuni wa miaka 50. Ndiyo maana tuna Sheria ya Uchawi, ya tangu 1928, na humo kumsingizia mtu uchawi ni kosa. Wewe umemsingizia mbele ya laki za watu, uso wake wazi, kijiji umekitaja, halafu umepanda gari. Akifa muhogo wa jirani, mtoto akiugua usiku, nani ataangaliwa? Utakuwepo kumtetea?

La pili, yule kijana wa kofia. Anasogea, anaombewa, sawa. Lakini wasaidizi wanamvua kofia na kuitupa chini mbele ya kamera, na andishi linasema Uislamu umepigwa. Wewe umeona ushindi, mimi nimemuona mama yake. Huyo mama hajaambiwa na mwanawe kwa taratibu, jioni, baada ya kula. Kaipata kwenye grupu la WhatsApp la ukoo. Na huyo kijana akitaka kesho kufikiria tena, au hata kunyamaza tu, hawezi, kashakuwa bango la mtu. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na imani ya mtu imewekwa humo kama taarifa nyeti. Mliomba ruhusa?

Najua mtakachosema: Yesu kaagiza tuende kwa mataifa yote. Ni kweli, na Katiba yetu ibara ya 19 inakuruhusu kueneza dini ukipenda, hakuna anayekuzuia. Hubiri mpaka sauti ikauke. Ongea na Muislamu, ongea na mzee anayetambikia mababu, mwambie unachoamini na yeye akwambie chake. Tena huko ziwani mfano upo. Padri Yohana Abdallah, Myao, na ndiyo, Abdallah ndiyo jina alilolitumia mpaka kwenye upadri, alihudumu Unangu, upande wa Msumbiji, miaka ambayo Wayao wengi walikuwa wanachagua Uislamu. Hakuwaita giza. Alikusanya habari zao na kuandika kitabu cha historia ya Wayao kwa lugha yao wenyewe, kikatoka 1919. Mtu anaijua historia ya anayemhubiria! Wewe hata salamu ya Kinyasa huijui, Mtumishi.

Na asije mtu akasema nawaonea walokole. Upande wa pili nao wana klipu zao za "mchungaji kasilimu", mtu anatetemeka anatamkishwa shahada huku simu kumi ziko usoni kwake. Ugonjwa ni uleule, kiki kwa jasho la mtu mwingine.

Juzi nimeingia kwenye ukurasa wake. Klipu bado ipo, imebandikwa juu kabisa, na chini yake namba ya kutumia sadaka. Bibi bado anaangalia huku na huku.

Ifute, Mtumishi. Leo, kabla hujapandisha ile ya Jumapili. Na nyie mliyoisambaza kwenye magrupu mkiandika "bibi kanaswa", anzeni kufuta za kwenu.