Washairi wa Mikoani

Ni vigumu kumpata mshairi mkubwa wa Kirumi aliyezaliwa Roma yenyewe. Vergilius alitoka upande wa Mantua, Catullus alikuwa mtu wa Verona, Ovidius wa Sulmo kule milimani. Horatius, aliyewaachia wenzake mwongozo mashuhuri wa utunzi, alizaliwa mwaka 65 kabla ya Kristo huko Venusia, mji mdogo wa kusini, na baba yake aliwahi kuwa mtumwa. Nalitanguliza jambo hili kwa sababu kila tukiwaomba vijana wa Singida mashairi, jibu ni lile lile: ushairi ni wa watu wa pwani, sisi huku ni watu wa alizeti na vitunguu.

Hata sheria wanazoziogopa zilikusanywa na mtu wa bara. Kaluta Amri Abedi, mwandishi wa *Sheria za Kutunga Mashairi* ya mwaka 1954, alizaliwa Ujiji. Mathias Mnyampala, baba wa ngonjera, alikuwa Mgogo wa Ihumwa, jirani yetu kabisa. Enzi zake Dodoma na Singida zilikuwa jimbo moja, Jimbo la Kati. Wote wawili walijifunza sanaa iliyokomaa Pate, Lamu na Mombasa, wakaimiliki. Warumi nao walichukua bahari zao kwa Wayunani, na Horatius anawahimiza vijana wasiviweke chini vitabu vya Kiyunani, mchana wala usiku. Kujifunza kwa mwenye nacho hakujamwondolea mtu heshima.

Kinachotupungukia ni subira. Horatius anaufananisha utunzi na kazi ya tupa: kukwangua hadi pasiwe na ukali usiotakiwa. Anataka shairi lifichwe mpaka mwaka wa tisa, maana neno lisilotoka bado linafutika, lililotoka halirudi. Anaamini pia kwamba kipaji bila elimu hakifiki mbali, wala elimu bila kipaji. Wasifu wa kale wa Vergilius unasema alitumia miaka saba kutunga *Georgica*, shairi la kilimo, mifugo na nyuki lenye mistari isiyozidi 2,200. Piga hesabu: haufiki mstari mmoja kwa siku. Nalitaja shairi hilo makusudi. Mkoa unaorina asali ya Manyoni na Itigi, na kuchunga ng'ombe kuanzia Mkalama mpaka Ikungi, usiseme hauna mambo ya kutungia.

Kwetu shairi hutungwa asubuhi, na kabla ya adhuhuri limeshazunguka kwenye magrupu ya simu, limepigiwa makofi. Horatius aliwaonya watunzi wasimsomee shairi mtu waliyetoka kumpa zawadi, kwani atasifu kila beti. Akamtaja rafiki yake Quintilius: ukimsomea, alikuambia rekebisha hapa, na hapa. Ukidai umejaribu ukashindwa, alikuamuru ufute na kuurudisha mstari kiwandani. Ukianza kuutetea, hakupoteza tena neno hata moja. Alikuacha ujipende peke yako. Ndivyo tulivyofanya katika toleo hili. Karibu kila shairi utakalolisoma humu lilirudishwa kwa mtunzi wake, na ninawashukuru kwa dhati waliokubali kulifungua upya.

Wengine walidhani tunarudisha kwa ajili ya vina na mizani. La. Ubishi wa miaka ya 1970, baada ya Euphrase Kezilahabi kutoa *Kichomi* (1974) bila vina wala mizani, umetuachia mazoea ya kuhesabu silabi na kuishia hapo. Shairi linaweza kutimiza mizani zote kumi na sita katika kila mshororo na bado likawa halina jambo. Tuliuliza kama picha ya beti ya tatu inatoka katika dunia ile ile ya beti ya kwanza.

Lakini Warumi walipoteza kitu, nasi tunaelekea kukipoteza. Ennius, aliyeingiza bahari ya Kiyunani katika tenzi za Kilatini, alikuwa akisema ana mioyo mitatu, kwa kuwa alisema Kiyunani, Kioski na Kilatini. Kijana wa Singida mwenye Kinyaturu, Kiswahili na Kiingereza anamwelewa vizuri. Hata hivyo Ennius aliudharau mtindo wa kale wa nyimbo za Kirumi, ukaachwa. Leo vimebaki vipande tu, na wataalamu hawajakubaliana mapigo yake yalihesabiwaje.

Nyimbo za Kinyaturu, Kinyiramba na Kinyisanzu zinaimbwa bado, na kanuni zake hakuna Amri Abedi aliyeziandika. Wala haitoshi kuzipima kwa mizani ya Kiswahili. Kinyaturu ni lugha ya toni, na toni ya juu husogea mbele silabi moja kutoka mahali pake pa asili, hata kuvuka kuingia neno linalofuata. Anayehesabu silabi peke yake atakuwa ameiacha nje nusu ya wimbo.

Kwa hiyo toleo lijalo litakuwa na kurasa za nyimbo hizo. Anayetuletea wimbo aueleze ni wa kazi gani au sherehe gani, nani huongoza na nani huitikia, na auambatanishe na sauti iliyorekodiwa kwa idhini ya mwimbaji, kwa kuwa maandishi yetu ya kawaida hayaonyeshi toni.