Wazee wa CTC na Haki ya Kuulizwa Habari za Akili Zao

Tangu mwaka 2004, Tanzania ilipoanza kutoa bure dawa za kufubaza Virusi vya Ukimwi, wamejaaliwa umri watu wengi ambao jamaa zao walikwisha kuwakatia tamaa, na leo katika kliniki za matunzo na tiba ya VVU (CTC) wamo mababu na mabibi wa miaka 60 na 70, waliozika wenzi wao na kulea wajukuu mayatima, ambao damu yao ikipimwa virusi havionekani. Neema hiyo ni kubwa. Lakini tumeitunza damu ya wazee hawa tukaighafilikia akili yao, na huko ni kuwadhulumu.

Madaktari wamebainisha kwamba virusi hivi huingia ubongoni katika majuma ya mwanzo ya maambukizo, na vikishafika havizivamii chembe za fahamu zenyewe, bali hujificha ndani ya chembe za ulinzi zilizo jirani nazo, vikazitia ghadhabu isiyotulia, na sumu ya ghadhabu hiyo ndiyo idhuruyo fahamu mwaka baada ya mwaka. Dawa huzuia mengi, ila si zote zipenyazo ubongoni kwa wepesi. Na wengi wa kizazi hiki walianza kuzimeza kinga ya mwili ikiwa imekwisha kuporomoka, kwa kuwa ndivyo utaratibu wa zama zile ulivyokuwa, hivyo yamkini madhara yalitangulia kidonge cha kwanza. Juu yake huja shinikizo la damu na kisukari.

Mkoani Kilimanjaro, watafiti waliowapima wagonjwa wenye miaka 50 na zaidi katika kliniki ya serikali waliona upungufu wa akili, aghalabu usio mzito, kwa karibu nusu yao. Mzee wa namna hii huwajua wanawe wote kwa majina. Kilichopungua ni wepesi wa kufikiri, wepesi wa mikono, na hamu ya mambo aliyokuwa akiyapenda. Nyumbani husemwa ni uzee. Kliniki, akikosa tarehe, huulizwa, "Mzee, mbona hufuati masharti?" naye hunyamaza kwa haya, ilhali kusahau kwake huenda ndiko maradhi yenyewe, na vidonge vikisahauliwa mara kwa mara huvipa virusi fursa ya kurudi na kuudhuru ubongo uleule.

Kipimo cha awali cha upungufu huo si ghali. Mgonjwa hutajiwa maneno manne ya kukumbuka, hugonganisha kidole gumba na cha shahada upesi awezavyo, hufuatisha mpangilio wa kukunja na kukunjua kiganja, kisha huulizwa maneno yale. Muuguzi hukimaliza kwa dakika chache, na asiyejua kusoma hadhuriki. Kipimo hicho hakitoi hukumu, kwani hukosea pia. Huonyesha tu nani apelekwe kwa daktari.

Wapo wasemao kwamba, maadamu haijapatikana dawa mahsusi ya hali hii, kuijua ni kumwongezea mzee huzuni. Sikubaliani nao kabisa. Sonona inatibika, shinikizo la damu linatibika, dawa zaweza kuangaliwa upya, na mwana aliyeelezwa huacha kumkemea mzazi wake akaanza kumkumbusha.

Basi kama mzee hupimwa uzito kila ahudhuriapo, na aulizwe habari za kumbukumbu zake walau mara moja kwa mwaka, kwa staha, faraghani, na akiridhia, mbele ya yule jamaa anayemwamini na anayekaa naye.